Mkate wa Hasi Mbili

Hapo zamani, Mola ndiye ajuaye ni lini, Sultani Haidari alifundishwa hesabu na mgeni mmoja, nayo ikampanda kichwani. Ikawa hakuna shauri linaloamuliwa barazani bila swali la hesabu, na jibu alitaka kuliona kwa macho.

Basi punda wa Chande, fukara mchukuzi wa maji, akaingia bustanini mwa sultani akala mawaridi, akakamatwa. Chande hakuwa na riziki nyingine, akaenda kumwombea.

Desturi ya baraza lile, mwenye haja humkatia sultani mkate kwanza, na hakuna alaye mpaka sultani ameze tonge lile. Chande akashika kisu.

Sultani akanena, "Chukua hasi mbili, uipe kipeo cha hasi tatu, unionyeshe jibu. Ukishindwa kama waziri wangu, punda wako nawapa simba."

"Waziri alijibuje, maulana?"

"Hasi nane. Yule pale birikani."

Waziri, maji shingoni, akapunga mkono.

"Maulana, kipeo kikiwa hasi, badala ya kuzidisha twagawa." Chande akakata mkate nusu, ile nusu akaikata nusu, na hiyo nayo nusu. "Tumepata thumuni, sehemu moja ya nane. Tumegawa kwa hasi mbili mara tatu, basi hasi ni tatu; sasa tuzione zenyewe."

Akampa sultani thumuni ile. Sultani akafunua kinywa, Chande akampokonya.

"Hasi ya kwanza huondoa." Akamrudishia. "Ya pili huigeuza ya kwanza." Kinywa kikafunuka tena, akampokonya tena. "Ya tatu huondoa. Jibu ni thumuni iliyokosekana, maulana. Waiona?"

"Naiona," akasema sultani, mkono tumboni. "Ee Chande, kifanye kipeo hasi nne, nirudishiwe tonge langu."

"Nimesikia na kutii." Chande akaikata thumuni nusu, nusu moja akampa sultani, ya pili akaiweka kando. "Hasi nne hurudisha, bwana wangu, ila kila hatua hupunguza nusu."

Sultani akatazama kijipande kile. "Na hasi tano?"

Chande akanyoosha mkono.

Sultani akakitupa kinywani upesi, akacheka mpaka akapaliwa. "Mpeni punda wake, aende zake. Na waziri mtoeni majini, tule."

Chande akaondoka na punda wake, akimshukuru Mola. Nawe uliyenisikiliza, nisogezee maji nitawadhe, sala imefika.