Mlango wa Nyuma wa Hoteli ya Mkungu

Mwenye ndugu mjini hana mlango wa nyuma.

Ndivyo mama yenu alivyomjibu Tunu asubuhi hii, aliposikia kwamba yeye na mumewe wanakwenda kupumzika Arusha na hawataki mtu yeyote wa huko ajue. Mkacheka, kisha mkauliza methali hiyo imetoka wapi, maana hamkuisoma shuleni. Hamkuisoma kwa sababu haikutoka kwa wahenga. Watu walioianzisha walikuwa na simu za mkononi mifukoni. Chanzo chake ni mwalimu mmoja wa hisabati wa Korogwe, jina lake Mwajabu, na hoteli aliyoichagua kwa akili nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwajabu aliolewa na Hoza, mpima ardhi wa wilaya, mtu mpole asiyependa kubishana. Tangu ndoa yao ifungwe hawakuwahi kukaa peke yao. Nyumbani mwao alikuwamo mama yake Hoza, wakawamo wadogo zake waliokuwa wakisoma, wakazaliwa watoto, kisha akaongezeka mtoto wa jirani aliyekuja kucheza akabaki. Wakitaka kuzungumza jambo lao, walikwenda shambani kuangalia mahindi ambayo hayakuhitaji kuangaliwa. Ilipofika likizo fupi ya katikati ya muhula, mama yake Hoza mwenyewe aliwaambia waende zao Dar es Salaam wakapumzike. Watoto angebaki nao yeye.

Kikwazo kilikuwa Bi Mishi. Huyu alikuwa shangazi yake Mwajabu, dada wa baba yake, aliyemlea pale Ilala tangu baba alipofariki mpaka alipomaliza chuo. Kila Mwajabu alipokwenda Dar es Salaam alifikia kwake, na alipokwenda na mumewe mambo yalifuata desturi: mkwe halali na mkewe chini ya paa la wakweze. Hoza alilazwa chumba cha mbele pamoja na Chande, mtoto wa Bi Mishi. Mwajabu alilala kitanda kimoja na shangazi yake, akasimuliwa habari za majirani mpaka usingizi ukamwonea huruma.

Kulala hotelini hali una ndugu mjini ni kumtangazia ndugu huyo, mbele ya watu, kwamba nyumba yake haikufai. Mwajabu alilijua hilo. Alijua pia kwamba angeweza kueleza sababu, lakini sababu yenyewe ndiyo iliyomfunga mdomo. Mambo ya mke na mume aliyazungumza na shangazi yake mara moja tu, kabla ya harusi, mlango ukiwa umefungwa, na tangu hapo hakuna aliyeyagusa tena. Kwa hiyo akaamua kwamba Bi Mishi asijue.

Akalishughulikia suala la hoteli kama anavyowafundisha wanafunzi wake: ondoa yasiyowezekana, litakalobaki ndilo jibu. Hoteli za Kariakoo zilikuwa safi na karibu na kila kitu, lakini Chande aliuza vipuri vya pikipiki huko na alisalimiana na nusu ya mtaa. Posta kulikuwa na hoteli yenye madirisha yanayotazama bandari. Kulikuwa pia na binamu aliyeajiriwa benki, ng'ambo ya barabara. Magomeni waliishi wakwe zake Chande. Kigamboni ilionekana salama mpaka Hoza alipokumbuka kwamba somo yake Mwajabu, wa jina moja naye, alihamia huko, na hupanda kivuko kila Ijumaa kwenda kumsalimu Bi Mishi.

Hoza alisema kwamba yeye amepima karibu wilaya nzima na hajawahi kuona ramani iliyojaa watu namna ile. Akauliza kama isingekuwa rahisi kumwambia shangazi ukweli. Mwajabu akamwuliza aanze na neno gani.

Ikabaki Hoteli ya Mkungu, kule Sinza. Picha zake mtandaoni zilionyesha shuka nyeupe, kiyoyozi, roshani ndogo yenye viti viwili, na ukumbi wa sherehe ambao Mwajabu aliupita bila kuutazama, kwa kuwa haukumhusu. Sifa kubwa ya hoteli hiyo ilikuwa kwamba haikuwa na ndugu. Bi Mishi alikuwa na goti bovu na hakutoka Ilala isipokuwa kwenda mazikoni. Mwajabu akaona huo ni ushahidi wa kutosha, akaweka nafasi ya chumba.

Siku chache kabla ya safari, Bi Mishi akapiga simu. Alisema kwamba Jumamosi wanamwoza binti wa Mama Pili, jirani yake, na kwamba yeye ndiye mwenye dhamana ya pilau. Angependa sana Mwajabu aje na mumewe. Akaongeza kwamba ana jambo la kuwaonyesha, lakini si la kusema kwenye simu. Mwajabu akajibu kwamba amebanwa, anasahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, hawezi kutoka Korogwe. Hakuuliza jambo lenyewe ni lipi. Hakuuliza harusi inafanyika wapi. Mtu anayesema uongo hutaka simu iishe mapema.

Wakafika Sinza Ijumaa alasiri. Haki isemwe: chumba kilikuwa kama kilivyo kwenye picha. Waliketi kwenye roshani wakala chipsi kuku, wakazungumza bila mtu kubisha hodi, na Hoza akasimulia kisa kirefu cha mpaka wa mashamba ya Mombo ambacho mkewe hakuwahi kukisikia mpaka mwisho, kwa sababu nyumbani kila alipokianza kuna mtu aliyelia.

Jumamosi walishuka kwa matembezi. Mwajabu alivaa gauni jipya na miwani ya jua. Kwenye ngazi ya mwisho akasimama ghafla. Mbele ya mapokezi kulikuwa na wanawake wa makamo waliovaa sare ya kitenge cha kijani, wakipokea maua ya kupamba ukumbi, na wa kwanza wao alikuwa Mama Pili.

Akarudi nyuma ya nguzo. Hoza akamnong'oneza kwamba waende tu wakasalimie, makosa ya asubuhi huwa madogo kuliko ya jioni. Mwajabu hakutaka. Alijua Bi Mishi hayupo pale. Mpishi wa pilau yuko Ilala na masufuria yake, na chakula huletwa baadaye kwa gari. Wakimkwepa Mama Pili, wamepona. Akamwita dada wa mapokezi kwa ishara, akamwuliza kama kuna njia nyingine ya kutokea. Yule dada akawaelekeza: wapite jikoni, watokee uani, kuna mlango wa nyuma unaoingia mtaa wa pili.

Wakapita jikoni. Mwajabu akausukuma mlango wa uani, na moshi wa kuni ukampiga usoni.

Familia ya bibi harusi ilikataa pilau ya hoteli, na mwenye hoteli alikuwa amewapa ua wapike wenyewe. Masufuria makubwa yalikuwa yamepangwa kwenye mafiga. Wanawake walikuwa wakikata vitunguu, na katikati yao, juu ya kreti ya soda, mguu mmoja umenyooshwa, Bi Mishi alikuwa akipeta mchele. Alikuwa ameuelekea mlango.

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Shikamoo, shangazi," Mwajabu akasema.

"Marahaba. Mitihani imekwisha?"

Mwajabu alihisi gauni lake jipya likimwasha mwilini. Mama Pili, ambaye alikuwa ametokea nyuma yao kufuata chumvi, akamtazama yeye, akamtazama Bi Mishi.

"Huyu si Mwajabu? Mbona ulituambia amebaki Korogwe?"

Bi Mishi akapeta mara moja, makapi yakaruka. "Niliwaambia hivyo ili awashtue," akasema. "Nimemwita mwenyewe aje anishike mkono, kwa goti hili. Karibu, mwanangu. Vitunguu vile pale."

Wanawake wakafurahi, wakampisha mkekani. Mmoja akasema kwamba wasomi wana akili, huyu amekuja kukata vitunguu na miwani yake kabisa, macho hayatamwuma. Wote wakacheka, na Mwajabu akalazimika kucheka. Bi Mishi aliagiza mkwe wake aletewe kiti kivulini na chai, maana ni mgeni na amechoka na safari. Hoza alikitazama kile kiti, akakisogeza kando, akaenda kupasua kuni.

Mwajabu akakata vitunguu mpaka miwani ikamtoka. Wenzake wakadhani machozi ni ya vitunguu. Kutukanwa angeweza kuvumilia. Kilichomwelemea ni ule uongo wa shangazi yake, uliotamkwa kwa utulivu, mbele ya watu, ili kuuziba uongo wake yeye.

Adhuhuri wanawake wakaenda kuoga na kubadili nguo. Wakabaki wawili, na pilau ikipaliliwa mkaa juu ya mfuniko.

"Mlikuwa mkitoka na mlango huu mwende wapi?" Bi Mishi akauliza.

"Hatukuwa na pa kwenda. Tulikuwa tunamkwepa mtu."

"Mimi?"

"Mama Pili. Wewe nilijua uko Ilala."

Bi Mishi akaupanga mkaa kwa koleo, kipande kwa kipande. "Mwenye ndugu mjini hana mlango wa nyuma, mwanangu. Mbele utamkuta jirani, nyuma utanikuta mimi na masufuria." Hakutabasamu. "Chumba kiko wapi?"

"Ghorofa ya nne."

"Kizuri?"

"Kizuri."

"Mimi ndiye niliyekukalisha mkekani kabla hujaolewa. Nikakufundisha mambo ya chumbani yote, sikupepesa macho. Leo chumba chenyewe ndicho kilichokushinda kunitajia?"

Mwajabu aliinama, akaokota maganda ya vitunguu.

"Ungeniambia, ningenuna. Ningenuna siku moja, yakaisha. Sasa nimemdanganya Mama Pili, na tumetoka naye mbali. Sikuwahi kumdanganya hata siku moja."

Harusi ikafana na pilau ikasifiwa. Ilipofika jioni goti la Bi Mishi lilikuwa limevimba, na gari dogo la Chande lilikuwa limejaa masufuria mpaka mlangoni. Ni Mwajabu aliyesema shangazi asisumbuliwe na safari, alale ghorofa ya nne. Kuna lifti. Hoza akapanda kuchukua mswaki na shati lake bila kuambiwa na mtu, akajibana kando ya Chande, sufuria moja mapajani, akaenda kulala Ilala.

Hivyo hesabu yote ya Mwajabu ikatoa jibu lile lile alilolikimbia: mume Ilala, mke kitanda kimoja na shangazi. Bi Mishi alizigusa shuka nyeupe, akasema ni nzuri, akageukia ukutani. Hakusimulia habari ya jirani hata mmoja. Mwajabu, aliyekuwa amelalamikia habari hizo miaka yote, alingoja angalau moja, haikuja.

Asubuhi Hoza alirudi akawakuta wakinywa chai. Alimsalimia Bi Mishi kwa heshima, akamwomba mkewe watoke mara moja. Wakasimama nje, kando ya mlango mkubwa wa vioo.

"Unakumbuka alisema ana jambo la kutuonyesha?" Hoza akauliza.

"Nakumbuka."

"Nimeliona. Nimelilalia."

Akamweleza kama anavyoandika taarifa zake za kazi, bila kuongeza chumvi. Kile chumba cha uani, ambacho mpangaji alihama, Bi Mishi alikataa kukipangisha tena. Amekipaka rangi. Ameweka kitanda kipana, chandarua kipya na pazia. Halafu amemwita fundi akalikata paa lake likatengana na paa la nyumba kubwa, hata mvua sasa inapita katikati. Chande alimuuliza mama yake kwa nini anaharibu bati zima. Akajibiwa kwamba Mwajabu na mumewe ni watu wazima, wanahitaji kuwa peke yao, lakini mkwe hawezi kulala na mkewe chini ya paa la wakweze. Basi paa hilo si lake tena, ni la kwao.

"Nimelala humo peke yangu," Hoza akasema.

Mwajabu akatazama kupitia kioo. Bi Mishi alikuwa akimimina chai kwenye kisahani, akiipuliza, mguu mbovu ameuegemeza kwenye kiti cha pili. Alikuwa amezeeka kuliko Mwajabu alivyomkumbuka. Mwajabu alitamani kuwa mtu yeyote mwingine aliyeko pale, hata yule dada wa mapokezi.

Walikuwa wamebakiwa na usiku mmoja hotelini. Wakarudisha ufunguo, wakabeba mizigo, wakamshika Bi Mishi mkono huku na huku, wakatoka naye kwa mlango wa mbele. Usiku ule walilala chini ya paa lao, Ilala. Hoza alipata usingizi. Mwajabu alisikia shangazi yake akikohoa ng'ambo ya ua, karibu sana, na hakumwamsha mumewe kumweleza anachokiwaza.

Wiki ile Bi Mishi alikwenda kwa Mama Pili, akamwambia ukweli wote, kwa kuwa hakuweza kuuweka uongo ule nyumbani mwake. Mama Pili alicheka mpaka akakaa chini, kisha akayachukua maneno ya uani akayapeleka harusi nyingine, na ya tatu, mpaka yakafika hapa kwetu, kwenye kinywa cha mama yenu. Wengi huyasema kwa maana ya kwamba ndugu watakukamata popote utakapojificha. Hiyo ni nusu ya maana. Mwajabu hakukamatwa uani na shangazi yake. Uani alikingwa naye. Na mlango aliokuwa akiutafuta mjini kote, wa kuingilia yeye na mumewe peke yao, ulikuwa umeshatengenezwa na mtu yule yule aliyekuwa akimkimbia.

Tunu, ndugu zetu wa Arusha wana simu. Sijui wamekuandalia nini, na wewe hujui. Mwenye ndugu mjini hana mlango wa nyuma.