Mchimba Kisima Aliyeapa kwa Talaka

Inasimuliwa kwamba katika viunga vya Antiokia, zama za waja wema, aliishi mchimba visima aitwaye Kudama bin Wahbi. Alikuwa mcha Mungu, mwingi wa saumu na sala za usiku, ila ulimi wake, subhanallah, haukuwa na kizibo.

Siku moja wenzake walimcheka kwa shimo lake kavu. "Ndugu Kudama," wakamwambia, "hapo utachimba mpaka umkute Karuni, yule tajiri aliyemezwa na ardhi, na hazina zake."

Damu ikamchemka. "Maji yasipotoka kabla ya adhana ya Magharibi, mke wangu ana talaka tatu."

Loo! Mke yuko nyumbani anakanda unga, hana habari kuwa ameshawekwa rehani. Ndivyo tulivyo wanaume: tukitaka kuaminiwa, tunaapia kichwa cha mwingine.

Kudama akashuka, akachimba kutwa nzima. Adhana ikamfikia chini shimoni, nyayo zake zingali kavu. Akapiga sururu mara moja tu, maji yakabubujika. Huko juu walishangilia. Hakuna aliyejua kipi kilitangulia, maji au adhana.

Walipomvuta kwa kamba, akawaambia kweli: adhana ilitangulia. Wale wale waliomchokoza wakamsihi anyamaze, maana nani alimwona kule chini?

"Aliyeniletea maji," akajibu.

Akaenda kumwambia mkewe, Bibi Irini. Mama huyu alikuwa Myunani aliyesilimu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta unga mikononi.

"Wazee wetu wa ujahilia walikuwa na ngano," akasema. "Yuko pepo wa kike, Ate, mleta upumbavu na maangamizi. Nyayo zake laini, hatembei ardhini, hupita juu ya vichwa vya watu, na anayekanyagwa hana habari. Nyuma yake huja Maombi, vikongwe vilema, wakichechemea kutibu alichovunja. Nilidhani ni ngano ya watoto tu, mpaka leo."

"Nimesema kweli, Irini."

"Umesema. Ukweli wako ni wa Mungu, naye atakulipa. Upumbavu wako ndio ulionifikia mimi."

Akakaa eda yake. Kila alfajiri Kudama alimwekea mtungi wa maji mlangoni, asiinue macho. Siku eda ilipokwisha, alikuta mtungi wa jana umejaa vilevile, na chumba kitupu.

Basi ndugu yangu, usijidanganye kuwa mkweli harudishiwi kitu. Lakini malipo ya mwenye kusema kweli huenda yakangoja Akhera, na nyumba ikabaki baridi hapa hapa duniani. Mola atukinge na ndimi zetu kabla hatujahitaji kuomba atusamehe.