Pelele Alipokwenda Mbugani Kufundisha Kunawa

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni, iingie!

Imekuja kwa miguu au kwa mabawa?

— Na iingie tu, tumechoka kungoja!

Haya, sogeeni. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa umalize.

Hapo kale, katika nchi ya mawe, aliishi Pelele. Mnamjua Pelele? Kanyama kadogo, mkia hana, lakini maneno anayo. Siku moja akasikia kwamba ng'ambo ya milima miwili, katika nchi ya Mbugani, watoto wanaumwa matumbo. Wanaharisha, wanalegea, wengine hawainuki. Huruma ikamshika.

"Nitakwenda kujitolea," akasema. "Nitawafundisha kunawa mikono."

"Mwanangu, huko hujui mtu," mama yake akamwambia.

"Watanijua."

Akafunga mzigo: sabuni, kibuyu chirizi, na kichwani wimbo aliotunga mwenyewe. Kibuyu chirizi ni kile kibuyu kilichotobolewa, kinaning'inia kwa kamba. Ukikanyaga kijiti, kinainama, kinakumiminia maji kidogo kidogo. Akatembea, akatembea, akatembea, akafika miguu imevimba.

Mwalimu wa Mbugani, Mama Kanga, akampokea vizuri. Akampa kigoda, akawaita watoto: wa Ngiri, wa Swala, wa Nguchiro. Pelele akapanda juu ya kigoda ili aonekane, akaanza:

"Viganja, sugua, sugua! Vidole, sugua, sugua! Kucha, sugua, sugua!"

Watoto wakaimba, wakasugua hewa. Siku ya kwanza wakasugua hewa. Siku ya pili wakasugua hewa. Siku ya tatu Chiku binti Nguchiro akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Una swali?"

"Sina swali. Kunawa tunajua. Bibi alitufundisha tangu hatujaota meno. Maji ndiyo hatuna."

Pelele akakitazama kibuyu chake. Siku tatu kinaning'inia pale, kikavu, naye hajauliza mtu. Masikio yakamwaka kwa aibu.

"Mbona hamkuniambia?"

"Umetoka mbali," Chiku akasema. "Na ulikuwa unafurahi. Tuliona vibaya kukukatiza."

Pelele akashuka kwenye kigoda, akaketi chini na watoto. "Basi leo nifundisheni nyinyi. Maji yamekwenda wapi?"

Mama Kanga akamweleza. Chemchemi iko moja tu, na tangu mvua zilizopita Kiboko amelala ndani ya bwawa la chemchemi hiyo. Anakunya mle mle, anatawanya kwa mkia, pa! pa! pa! Anayetaka kibuyu kimoja cha maji hayo apeleke mzigo wa matikiti. Na mtoto mdogo wa Swala hajainuka tangu juzi. Mama yake anamlowesha midomo kwa maji hayo hayo, hana mengine.

"Nipelekeni," Pelele akasema.

Wakampeleka. Bwawa lilikuwa jeusi, linanuka. Pua mbili zikachomoza. Fyuuu!

"Maji yangu, matope yangu, matikiti yenu yangu! Wewe umeleta tikiti?"

"Shikamoo, bwana mkubwa. Sikuleta tikiti. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kuibiwa."

Kiboko akainuka, maji yakamwagika bwaaa! "Nani wa kuniibia mimi?"

"Vidudu, bwana. Vidogo, macho hayavioni. Vinaishi kwenye maji yenye mavi. Ukimeza tikiti, navyo vimo. Wewe unatafuna, vyenyewe vinakula."

"Vinakula matikiti yangu?"

"Leo umekula mangapi?"

"Ishirini."

"Umeshiba?"

Kiboko akafikiri. Tangu azaliwe hajawahi kushiba. "Sijashiba!"

"Basi ndiyo hivyo."

Kiboko akanguruma hadi ndege wakaruka. Hoo! Hoo! Hoo! "Nipe dawa!"

"Dawa ni kunawa. Miguu yote minne, kwa sabuni, kabla ya kula. Na usiguse tena maji haya."

Kiboko akatoka bwawani, chubwi, chubwi. Mama Kanga akachota maji, akayachemsha, akayapoza, akajaza kibuyu chirizi. Kiboko akakanyaga kijiti. Chiriri. Akasugua. Chiriri. Akasugua. Mguu mmoja, jua likafika utosini. Miguu minne, jua likatua. Akanyanyua tikiti.

"Bwana," Pelele akasema kwa upole, "umesimama kwenye tope. Anza upya."

Kesho yake akaanza upya. Chiriri, sugua. Akakanyaga tope, akaanza upya. Siku ya tatu tumbo linalia kuliko yeye.

"Pelele, hakuna mahali ambapo mtu anakula bila kusumbuliwa?"

"Uko mto mkubwa, upande wa machweo. Maji yake hayalali. Vidudu vinasombwa. Matikiti hakuna, lakini majani ni mengi, na yote ni yako."

"Yote yangu?"

"Yote."

Kiboko hakuaga. Tifu, tifu, tifu, akaenda zake.

Siku hiyohiyo watoto wakaingia kazini. Wakakomba matope, wakazungushia miiba, wakangoja. Chemchemi ikatoa maji mekundu, kisha ya kijivu, kisha meupe. Na hata hayo meupe Mama Kanga aliyachemsha. Pelele akawa anakwenda kwa Swala asubuhi na jioni, anamnywesha yule mdogo uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, hasemi wala haimbi. Siku ya nne mtoto akafumbua macho, akaomba tikiti. Mama yake akalipasua huku analia.

"Ngoja, mama," mtoto akasema kwa sauti ndogo. "Ninawishe kwanza."

Sasa funzo lake, wajukuu zangu: msinawe mikono! Kiboko aliishi mchafu, akawa mfalme. Akanawa siku tatu tu, akapoteza bwawa, matikiti na heshima.

— Aaa, bibi!

Mimi nimesema. Asiyenawa akae na mimi. Wengine beseni lile pale, na ugali unapoa. Hadithi imekwisha kunena; aliyebaki na mdomo, ale.