Kompyuta ya Kamati ya Ndiva

Kisichofunguka hakina fundi. Mmeisikia leo kikaoni, mlipokuwa mkibishana kompyuta gani inunuliwe kwa ofisi yenu ya vijana, na nimeona wawili wenu wakicheka, wakidhani ni maneno ya mafundi wa mjini wanaotafuta wateja. Si ya mjini. Methali hii ilizaliwa hapa hapa kijijini miaka kumi na moja iliyopita, na mkosaji katika hadithi yake ni mimi. Kaeni niwasimulie ilivyoanza, maana wengine wakisimulia hunionea huruma na kuiruka sehemu yangu.

Ndiva yetu, bwawa letu la kumwagilia, mnaijua. Maji hukusanyika bwawani usiku, asubuhi lango hufunguliwa, nayo hushuka mferejini shamba hadi shamba, kwa zamu. Zamani zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa vichwani mwa wazee, na wazee wakaanza kufa. Ndipo watu wa juu na watu wa chini wakaanza kugombania maji, hadi kaka yake Navoneiwa akavunjwa mkono kwa mpini wa jembe pale langoni.

Navoneiwa alikuwa katibu wa kamati ya maji. Baada ya kumuuguza kaka yake aliapa kwamba zamu zitaandikwa. Viangazi viwili alipanda na kushuka milima hii na madaftari yake, akiwasikiliza wazee, akirudi kwa aliyesahau, akipatanisha waliotofautiana. Alipomaliza kulikuwa na kaya sabini na mbili kwenye orodha yake, na hakuna aliyeipinga. Mwaka ule tulimwagilia bila hata kurushiana maneno. Kwa furaha tukachanga ili inunuliwe kompyuta ya kutunzia kazi ile.

Mimi nilikuwa mwenyekiti. Navoneiwa alitaka kompyuta moja iliyotumika, nene, nyeusi, aliyoiona kwa fundi Mbonea kule Same. Alituambia chini ina skrubu, fundi yeyote anaifungua, na kikiharibika kimoja unabadilisha kimoja. Nikakataa. Nikasema kijiji kizima hakiwezi kuchangia mtumba unaofanana na tofali. Tukanunua mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, kwa bei ambayo ingetupatia tatu za zile nene. Haikuwa na skrubu hata moja ya kuonekana, na sisi tukaisifu kwa hilo hilo.

Kisha tukaongeza kosa juu ya kosa. Orodha ilipokwisha kuingizwa, kamati iliamua madaftari yachomwe, na ikapiga marufuku orodha kunakiliwa popote, tusije tukaamka siku moja kila upande una orodha yake. Navoneiwa alipinga, akazidiwa kwa kura. Mtasema ulikuwa ujinga. Ulikuwa ujinga, lakini wa watu waliokwisha kuona damu.

Kompyuta ilikaa kwangu kwa sababu nyumba yangu ilikuwa na umeme. Na nyumbani kwangu, kama kwenu, kitu cha thamani hufunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata makochi. Siku moja Navoneiwa aliiacha ikichaji, ikiwa imewashwa, akakimbilia msibani. Mimi nikaona vumbi. Nikaiweka juu ya mto wa kochi na kuifunika kwa kitambaa cha kufuma cha mke wangu, nimekikunja mara mbili. Jioni nilipoigusa ilikuwa ya moto kama pasi. Nikaondoa kitambaa, nikakirudisha juu ya redio, nikanyamaza. Kesho yake haikuwaka.

Tulishuka naye hadi kwa Mbonea. Fundi aliigeuza na kuigeuza akitafuta pa kuingilia, akaipasha moto kingoni, akaibandua taratibu. Betri ilikuwa imevimba na imegandishwa kwa gundi. Akatuonyesha kwamba mahali panapohifadhi kazi pamechomelewa kwenye bodi yenyewe, hapachomoki, na bodi imeungua. Akawapigia simu wenzake wa Arusha, na jibu lao likawa hilo hilo.

"Dada yangu, ingekuwa ile nene, ningeichomoa diski yake saa hii, ukaondoka na kazi yako," alimwambia Navoneiwa. "Hii waliifunga wasitake mtu aingie. Kisichofunguka hakina fundi."

Kisha akauliza kama kuna mtu aliyeifunika, kwa maana ilikuwa imekosa hewa. Navoneiwa akasema hajui. Mimi nikaangalia kalenda iliyokuwa ukutani.

Zilikuwa zimebaki wiki mbili msimu wa kupanda uanze. Maneno yakaanza upande wa juu, kwamba Navoneiwa ameifuta orodha makusudi kwa kuwa kaka yake ni wa chini. Waliompokea majumbani mwao kwa viangazi viwili wakaacha kuitikia salamu zake. Aliacha kwenda kwaya. Mke wangu alinieleza kwamba amemkuta kisimani akilia, nami nikaendelea kula. Nawaambia ukweli, wanangu, niliona aibu, na bado sikusema.

Ikafika siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzoa matope ndivani. Kila kaya huleta mtu na jembe, kwa hiyo majembe yote yaliyogombana yalikuwa pale. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Mtu mmoja wa juu akasimama akataka Navoneiwa aondolewe kwenye kamati, na wenzake wakaitikia. Kaka yake akasonga mbele na ule mkono wake uliounga vibaya. Nikaona yale ya zamani yanarudi, na safari hii yatakuwa juu yangu.

Nikapanda juu ya ukuta wa ndiva. "Mwacheni," nikasema. "Kompyuta niliiua mimi. Niliifunika kitambaa ikiwaka, nikaona imepata moto, nikaficha. Navoneiwa hana kosa lolote."

Nilitamani Navoneiwa anitukane. Yeye alifuta matope mikononi akaja mpaka pale nilipo.

"Mwenyekiti, umeniumiza sana," alisema. "Lakini kompyuta haikufunguka, na wewe umefunguka. Palipofunguka patatengenezeka."

Akawageukia watu. Akawakataza kusema urefu wa zamu zao, kwa kuwa kila mtu angejiongezea saa. Akataka kila mmoja aseme mambo mawili tu: anapokea maji kwa nani na lini, na anamkabidhi nani na lini. Wakapangana kando ya mfereji, kuanzia langoni. Aliyedanganya alikanushwa na jirani wa kulia na wa kushoto papo hapo. Palipokatika, watu walishuka, wakabishana, wakakumbushana, wakapaunga. Alasiri mnyororo wa kaya sabini na mbili ulikuwa umefika shamba la mwisho, na Navoneiwa alikuwa ameuandika kwenye madaftari mawili, moja la juu na moja la chini. Yule mtu wa juu alimwomba radhi mbele ya wote.

Baadaye tukanunua ile nene. Imebadilishwa betri mara mbili, kibodi mara moja, na kuwekewa diski kubwa zaidi, kila kitu kwa bisibisi ya Mbonea, na mpaka leo ndiyo iliyoko mezani kwa kamati. Kwa hiyo nanyi msibishane kuhusu ghali na rahisi. Mkipata ya ghali inayofunguka, nunueni. Mkipata ya rahisi isiyofunguka, iacheni dukani. Kabla ya kutoa pesa, igeuzeni muulize mtaingilia wapi siku ikiugua.

Mimi waliniondoa kwenye uenyekiti, na walifanya haki. Lakini hawakunitupa. Kila Jumatano asubuhi ni zamu yangu ya maji, nayo iko hivi: napokea kwa yule mtu wa juu, namkabidhi Navoneiwa. Yeye hunikuta kwenye mfereji, ananiamkia, nami namwitikia nikimtazama usoni.

Kisichofunguka hakina fundi.