Kwa Nini Gobori Huoga Kabla ya Mwindaji

Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Kulikuwa na wakati, hapa hapa Isanga, ambapo maji yalikuwa mwiko kwa gobori. Mwindaji akirudi kutoka porini alioga yeye, akala yeye, na bunduki yake ikapakwa mafuta ya karanga juu ya masizi ya baruti, kisha ikatundikwa ukutani. Watu waliamini kwamba chuma na maji ni maadui, basi. Kutu ilipotokea, waliongeza mafuta. Ilipozidi, walisema mafuta hayajatosha.

Kwa mtindo huo magobori mawili ya kijiji yaliliwa na kutu yakaisha, likabaki moja tu, la Mihambo. Mkewe aliitwa Kalunde, mama wa binti mmoja, Nyamizi. Kalunde alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzuri wa mapishi. Alikatazwa hata kupita na mtungi karibu na ukuta ule. Siku alipouliza sababu, Mihambo alimwambia mambo ya bunduki si mambo ya jikoni. Kalunde hakusahau.

Masika moja simba alikuja. Alikula mbuzi watatu, kisha akafanya makao kwenye kichaka kando ya kisima, wanawake wasiweze tena kuteka maji. Mihambo akamfuata. Alimlenga vizuri kabisa, akafyatua, fataki ya kuwashia baruti ikalia ta! na baada ya hapo kimya. Kitundu cha kupitishia moto kilikuwa kimezibwa na kutu. Simba akasimama. Mihambo akalitupa gobori akapanda mninga, yeye ambaye siku hizo hata kupanda kitanda kulimtoa jasho, akakaa huko hadi simba alipochoka kumtazama na kwenda zake.

Wazee wakaamua aende tena kesho yake. Bunduki ilikuwa yake, na nyumba nyingi zilibakiwa na maji ya siku moja. Kalunde alijua kwamba fataki ikilia peke yake mara ya pili, mninga ule unaweza usiwe karibu.

Asubuhi Mihambo alitoa baruti na risasi zilizobaki ndani ya gobori, akaenda kwa mjomba wake kuomba dawa ya kuliamsha. Kalunde akabaki nalo. Akaingiza kidole mdomoni mwa mtutu. Chini ya mafuta palikuwa na utelezi mweusi, na chini ya utelezi, kutu nyekundu. Kisha, kwa mazoea ya mpishi, akakiweka kidole ulimini.

Chumvi! Tena chumvi chungu.

Aliketi chini. Chumvi aliijua. Masika ikifika, chumvi ya kibuyuni hulowa hata ukiifunika vipi, kwa sababu huvuta unyevu wa hewani. Na maharage yakizidi chumvi, hakuna mpishi anayeyatia mafuta ili kuipunguza, huongeza maji. Kumbe miaka yote hiyo Mihambo alikuwa akiifungia chumvi ya baruti ndani kwa mafuta, nayo ikikinywesha chuma unyevu polepole.

Akabandika chungu. Alijua kama amekosea, amemuua mumewe kwa mkono wake. Akauchomoa mtutu kutoka kwenye kitako chake cha mti, akamimina maji yanayochemka. Kitunduni hakikutoka kitu. Akamimina tena. Likatoka tone moja jeusi, kisha uzi wa maji meusi, mwishowe yakaruka meupe. Mtutu ulipata moto hata ukajikausha wenyewe. Akafunga kitambaa kwenye mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, akakichovya katika mafuta na jivu laini, akasugua kutu taratibu, ndani na nje. Mchanga hakuugusa, kwa kuwa alijua unavyokwaruza vyungu. Akafuta jivu lote, akapaka nta iliyoyeyushwa na mafuta.

Mihambo aliingia akakuta ndoo na mvuke.

"Mama Nyamizi! Umeniua!"

"Bado," Kalunde akamjibu, akamnyooshea kitambaa cheusi. "Onja kwanza."

Akaonja. Uso ukamkunjamana. "Hii ni chumvi."

"Ndiyo, Baba Nyamizi. Umeikaangia mafuta miaka kumi na miwili."

Mihambo akaunganisha bunduki, akaishindilia baruti na risasi, akaondoka.

Kalunde alisimama uani na wanawake wenzake, akiogopa waziwazi, bila hata kujifanya jasiri. Jua likafika utosini. Halafu ikasikika: si ta, bali mngurumo mmoja mkubwa uliotikisa kuku. Wanawake wakapiga vigelegele. Kalunde akakaa chini, akalia kwa raha. Alipoinuka, akachukua maji ya mwisho ya mtungini akayabandika motoni.

"Ya kuoga mumeo?" jirani akamuuliza.

"Ya gobori. Mume atasubiri."

Mihambo akarudi mweusi kwa moshi, akicheka peke yake njiani. Simba alikuwa amelala chini, amekufa, na kisima kilikuwa huru. Akaketi kwenye kigoda na vumbi lake lote, akatazama bunduki ikiogeshwa, wala hakulalamika.

Na tangu siku hiyo, hapa Isanga gobori huoga kwanza maji ya moto, likakauka, likapakwa nta na mafuta, ndipo mwindaji naye apewe ndoo yake. Wageni husema tunapenda chuma kuliko watu. Waacheni. Wao hawajawahi kusimama uani wakingoja mlio ule. Mlio ukisikika, mwanamke wa hapa haulizi kimeuawa nini wala nani kaumia. Hubandika maji, kwa sababu bunduki haitajileta yenyewe nyumbani, yupo anayeibeba.