Kuni Mbichi za Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walikuwa na nyumba, mashamba na misiba kama sisi. Tulieni niwasimulie polepole.

Bondeni kando ya mto waliishi Bi Pimbi na mumewe. Pimbi ni mnyama mdogo, ukimbeba kwapani hakulemei, lakini wawili wale walikuwa wakulima. Walipanda mahindi, maboga, muhogo, viazi vitamu na mananasi machache. Kisha mume akaugua siku tatu, na ya nne Mwenyezi Mungu akamchukua. Bi Pimbi akakaa eda na wanawe wawili, Mize, binti mkubwa, na Kombo, mdogo wake.

Eda haijafika nusu, Kiboko akaja, vibarua wake wakimfuata. Yeye ndiye aliyejiita mkubwa wa bonde. Hakutoa pole. Hakuvua hata kofia. Alisimama mlangoni mwili wake ukaziba mwanga wote, akasema shamba lile baba yake alimwazima marehemu, na marehemu akishakufa, shamba linarudi. Bi Pimbi akamjibu kutoka ndani kwamba mumewe alilifyeka mwenyewe likiwa pori, na kwamba Mungu amemwekea mjane fungu lake. Kiboko akacheka. Akasema fungu la mjane ni kulima kwa mwenye shamba na kupewa ugali jioni.

Ndivyo alivyowafanyia wengine. Swala, Nungunungu na Kima walikuwa na mashamba yao zamani. Sasa walikuwa vibarua wa Kiboko katika mashamba yaleyale. Mbinu yake ilikuwa moja: alimfukuza mtu na kumnyang'anya mbegu zote. Mvua zikianza, yule mtu hana cha kupanda, basi njaa inamrudisha mwenyewe, kichwa chini.

"Eda ikiisha utaondoka," Kiboko alisema. "Nenda popote. Lakini punje moja ya mbegu haitoki hapa. Vibarua wangu wote ni mashahidi: mbegu ni zangu, takataka nyingine ni zako."

"Takataka nyingine ni zangu," Bi Pimbi akarudia taratibu.

"Umesikia vizuri."

Bi Pimbi hakulia mbele yake. Alilia baadaye, juu ya msala, akamwambia Mungu waziwazi kwamba amekasirika. Kisha akafikiri.

Marehemu alikuwa akimfundisha wakiwa shambani. Jani ndilo jiko la mmea, alikuwa akisema, linapika chakula kwa jua. Mizizi inakunywa maji na kuushika mmea usianguke. Shina ni njia: maji yanapanda, chakula kinashuka. Ua kazi yake ni uzazi. Nyuki akitoa chavua katika ua dume la mboga akaifikisha kwenye ua jike, hapo boga hushika, na ndani ya boga mbegu zikapatikana. Lakini si kila mmea unaomngoja nyuki, alikuwa akimalizia.

Bi Pimbi akalishika hilo la mwisho.

Eda ilipoisha alioga, akabadili nguo, akaenda shambani asubuhi. Alikata mashina ya muhogo yaliyokomaa, akayapukutisha majani, akayapanga kama mzigo wa kuni. Hakuufunga kwa kamba. Aliufunga kwa marando ya viazi vitamu, yale mashina yake yanayotambaa, akayazungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Akachukua shungi la nanasi, lile la majani ya juu, akaliviringishia kitambaa na kumpa Kombo alibebe kama mtoto. Mwisho akafunga mbegu saba za boga katika pindo la kanga yake.

Mize akamwonya kwamba hizo zitaonekana.

"Nataka zionekane," mama yake akasema. "Anayepekua asipopata kitu haachi kupekua."

Kwenye njia ya kutokea shambani alisimama Ngiri, askari wa Kiboko. Kiboko mwenyewe alikuwa ameketi kitini, na vibarua walikuwa wameitwa waje watazame. Ngiri akaanza. Akamwaga unga, chwaa. Akakung'uta mkeka. Akachukua kanzu ya marehemu, akaigeuza mifuko nje, akaitupa vumbini. Bi Pimbi aliiokota, akaikunja. 

Kisha Ngiri akafungua lile fundo la kanga. Zikatoka mbegu saba. Kiboko akajipiga paja kwa furaha. Akawaambia vibarua wamtazame mwizi aliyetoka eda jana. Vibarua wakatazama chini.

Ngiri akaugusa mzigo kwa kwato. "Kuni gani hizi, mama? Mbona mbichi?"

Mize akasogea karibu na mama yake.

"Ni mbichi," Bi Pimbi akasema. "Aliyekuwa akinichanjia kuni kavu nimemzika. Nachukua ninachokiweza."

Ngiri akaondoa kwato. Lakini Kiboko aliona hajamtesa vya kutosha. Akasema hata kufunga mzigo mjane hajui, miti ni mirefu, itamwangusha njiani aje kusema ameonewa. Akamwamuru Ngiri aikate vipande vifupi, mmoja baada ya mwingine, mjane akiona.

Ngiri akachukua panga. Ka, ka, ka. Kila kipande kilitoka urefu wa kiganja na nusu, kama anavyokata mkulima anayejua kazi. Bi Pimbi alitazama. Adui yake alikuwa akimfanyia kibarua cha nusu siku, na ilimbidi akaze uso asije akacheka.

Wakapanda kilimani kwenye majabali, mahali ambapo hakuna aliyepataka. Walipofika, Mize akautupa mzigo chini na kuuliza kwa uchungu kama sasa watakula kuni. Mama yake akamkalisha. Akamwonyesha vijicho kwenye kila kipande, akamwambia kila kimoja ni tawi linalosubiri udongo. Akayafungua marando, akamwonyesha vifundo ambavyo vitatoa mizizi. Akamvua nguo "mtoto" wa Kombo, akampanda kati ya mawe mawili. Kombo alilia kidogo kwa hilo.

Mvua zikanyesha. Vijicho vikachipua.

Kule bondeni Kiboko alingoja. Kila Ijumaa alimtuma Ngiri atazame njia kama mjane anarudi. Ukapita mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa. Mwisho alishindwa kuvumilia, akakusanya vibarua wake wote, majembe mabegani, na kuwaongoza kilimani, washuhudie atakavyomleta kwa nguvu.

Walikuta muhogo umesimama kijani mpaka ukingoni mwa majabali, na Bi Pimbi anachimba.

"Mbegu umeiba wapi?" Kiboko akanguruma.

Bi Pimbi akanyanyuka, jembe mkononi. Hakupaza sauti. Alizungumza akiwatazama vibarua.

"Sikuiba hata punje. Mbegu zako unazo. Muhogo huu ulizaliwa na shina. Viazi vile vilizaliwa na marando niliyofungia mzigo. Mnanasi ule ulizaliwa na kishungi cha nanasi. Hizo ndizo takataka ulizonipa mbele ya mashahidi, na vipande aliviandaa askari wako, kwa amri yako. Jamani, shina moja refu la muhogo linatoa vipande vingi. Kila mmoja achukue shina. Majabali yana nafasi."

Swala akaweka jembe la Kiboko chini. Nungunungu akaweka lake. Kima alikuwa ameshakwea.

Kiboko akamwamuru Ngiri ang'oe kila kitu. Ngiri akatazama yale mashina, akamtazama bwana wake, asisogee. Kiboko akajitupa mwenyewe juu ya mwamba. Miguu yake mifupi ikateleza, akabiringika, gudugudu, mpaka chini kwenye matope ya mto.

Msimu ule alikuwa na magunia ya mbegu mpaka darini, na hakuna mkono wa kumpandia. Unyevu ukaingia, mbegu zikavimba, zikachipua gizani, zikaoza ndani ya magunia. Harufu yake ilifika kilimani.

Dhalimu hunyang'anya anachokijua tu. Asichokijua kuhusu kazi ya mwenzake ndicho kinachomwangusha.