Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

“Mpita njia hajengewi nyumba.” Mmemsikia mama yenu akimwambia fundi hivyo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Chanzo chake nakijua, maana nilikuwa kibarua kwenye msingi wa nyumba yenyewe.

Mwalimu Mgaya wa Njombe alipostaafu, alitaka nyumba ya kisasa ambayo kila apitaye barabarani ageuke kuitazama. Sebule kubwa, vioo kutoka sakafuni hadi darini, baraza pana, vyote vielekee barabarani. Mchora ramani, binti aitwaye Lusungu, alichora kama alivyoagizwa, bila kufika kiwanjani.

Alifika siku tuliyokuwa tumechimba nusu ya msingi. Akamkuta Sekela, mke wa Mwalimu, kwenye uwanja wa nyumba yao ya zamani, kando ya msingi, akichambua maharage. Kabla ya adhuhuri mama huyo alikuwa amehamisha kigoda chake mara tatu, kila mara akishika ukuta ili asimame.

“Mama, mbona unahamahama?” Lusungu akauliza.

“Nafuata jua, mwanangu. Likiniacha, magoti yanakataa kunyanyuka.”

“Na upande ule wa barabara, itakapokuwa sebule?”

“Kule miezi ya baridi jua halifiki kabisa.”

Lusungu akatuambia tuweke majembe chini. Mwalimu akaja mbio.

“Nani amesimamisha kazi?”

“Mimi, Mwalimu. Nimekosea kuchora. Sebule ielekee nyuma, kwenye jua. Mlango wa vioo ufunguke wote hadi barazani, pasiwe na ngazi hata moja, mama aingie na kutoka apendavyo.”

“Nyuma? Na watu wa barabarani waone nini, ukuta mtupu?”

“Watauona kidogo, wapite. Mama atakaa humo miaka yote.”

Mwalimu akamgeukia mkewe. “Mama Lutengano, ulilijua hili?”

“Nililijua.”

“Mbona hukusema?”

“Ulikuwa na furaha mno, baba. Sikutaka kukuvunja moyo.”

Mwalimu aliutazama mtaro tuliouchimba kwa siku sita. Kisha akachukua koleo, akarudisha udongo wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe. “Fukieni,” akatuambia. “Mpita njia hajengewi nyumba.”

Tulianza upya. Walihamia mwezi Juni, baridi ikiwa kali. Nilipopita kuwapongeza, jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sebule, milango iko wazi, wajukuu wanakimbia kutoka zuliani hadi kwenye majani bila kujua ndani panaishia wapi. Sekela alikuwa akimenya viazi katikati yao. Akasimama kunisalimu, wala hakushika kitu.

Watu wa barabarani walimtania Mwalimu kwamba nyumba yake imewapa mgongo. Naye aliwajibu kwa maneno yale yale, akicheka, hadi mtaa mzima ukayashika: mpita njia hajengewi nyumba.